Shokapu za Gari la Kale: Laini Kiasi Gani, Ngumu Kiasi Gani

Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1968, mvua na tope vikiwa vimemeza njia, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania alishinda pamoja na Chris Rothwell kwa gari la aina hiyohiyo. Naanza na 404 kwa sababu lina somo ambalo wenye magari ya kale wengi hulisahau wakifika dukani. Peugeot za enzi hizo zilisifika kwa ulaini. Springi zake zilikuwa ndefu, gurudumu lilipanda na kushuka kwa nafasi kubwa, na abiria wa nyuma alifika Dodoma kiuno chake kikiwa salama. Ulaini huo haukulizuia 404 kuvumilia njia zilizoyamaliza magari mengine.

Leo mwenye 404, 504, Land Rover ya miaka ya 1960 au Volkswagen Beetle akitaka kubadili shokapu, jambo la kwanza analouliza ni kama zipo ngumu, zile za kazi nzito. Anauliza hivyo kwa nia njema. Barabara ni mbaya, gari ni la thamani, naye anataka kitu kitakachodumu. Lakini ugumu anaoutaka ndio unaokwenda kupasua mabano ya chasisi yake, kula bushi zake na kulegeza kila kioo na kila mlango. Maoni yangu ni kwamba shokapu ya gari la kale ichaguliwe kwa kuangalia springi iliyopo, raba zilizopo na barabara itakayopitiwa. Jina la kampuni na neno "kazi nzito" kwenye boksi vije baadaye sana.

Tuondoe kwanza dhana moja. Shokapu haibebi gari. Uzito unabebwa na springi, ziwe za koili, za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, au za chuma cha kusokotwa kama zile za Beetle. Gari lililokaa chini upande wa nyuma linahitaji springi; ukilifungia shokapu mpya litaendelea kukaa chini vilevile, ila sasa na pesa zimekwenda. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani yake pistoni inailazimisha oili kupita kwenye vitundu na vali ndogo, oili inagoma kupita haraka, nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto, na joto linatoka kupitia bomba la nje. Ndiyo maana mafundi wazoefu, wakitoka kwenye rafu rodi ndefu, hushuka na kugusa shokapu kwa tahadhari moja baada ya nyingine. Zilizo za moto zinafanya kazi. Iliyobaki baridi wakati mwenzake wa upande wa pili anaunguza mkono imekwisha, hata kama haivuji tone.

Vali hizo hazikazi sawa pande zote mbili. Kwa kawaida shokapu hukataa zaidi inapovutwa kuliko inapobanwa, mara mbili au tatu hivi, ili gurudumu lipande upesi likikutana na jiwe, kisha springi irudi kwa adabu. Na hata katika kurudi huko, wahandisi wa magari ya abiria hawatafuti kuua mtikisiko wote papo hapo. Hulenga takribani robo ya kiwango ambacho kingeuzima kabisa. Zaidi ya hapo gari linaanza kusafirisha kila kokoto hadi kwenye kiti.

Kwenye barabara zetu hesabu hii haina huruma. Chukua njia ya vumbi yenye mawimbi ya sentimita 60 kutoka kilele kimoja hadi kingine, nawe uende kilomita 80 kwa saa. Gurudumu linakutana na mawimbi 37 hivi kila sekunde. Shokapu ikiwa ngumu mno katika kuvutwa, springi haipati muda wa kunyooka kabla ya wimbi linalofuata. Inabanwa, inarudi kidogo, inabanwa tena. Baada ya mita chache gari limezama, limelalia raba za kugotea, na kuanzia hapo kila pigo linaingia moja kwa moja kwenye chasisi. Dereva anasema "shokapu hizi ngumu kweli," akidhani anazisifu. Ukilala chini ya gari hilo miezi michache baadaye utaona ufa mwembamba ukianzia pembeni mwa tundu la bolti ya juu, mahali ambapo kiwanda kilichomelea bati la kushikia shokapu.

Uchaguzi una utata zaidi kwa gari la kale kwa sababu ya historia yake. Magari ya mwanzo hayakuwa na shokapu kabisa. Springi za vyuma bapa husuguana zenyewe kwa zenyewe, na kwa mwendo wa enzi hizo msuguano huo ulitosha kutuliza. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja za msuguano, kazi ya Mfaransa Truffault iliyoenezwa Marekani na Edward Hartford: sahani zilizobanwa pamoja, zikisuguana mkono unapopanda na kushuka. Zikafuata za oili zenye mkono, kama zile za Houdaille zilizofungwa kwenye Ford Model A kati ya 1927 na 1931. Waingereza waliendelea na shokapu za mkono kwa muda mrefu kuliko wengi: Morris Minor, lililotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na MGB, la 1962 hadi 1980, yote yalikuwa nazo. Zile za bomba, ambazo wengi wetu tunazijua, zikachukua nafasi taratibu.

Hivyo kabla ya kuuliza bei, mwenye gari ajue lake liko wapi katika mlolongo huo. Mwenye Land Rover ya zamani ana kazi nyepesi, kwa sababu zake ni za bomba, zinafikika, na spea zipo. Mwenye Minor au MGB ana jambo jingine kabisa mbele ya gari lake. Pale, mkono wa shokapu ndio mkono wa juu wa sehemu inayoshika gurudumu. Shokapu si kifaa kilichoongezwa pembeni, ni kiungo. Ukiifungua bila kuegemeza mkono wa chini kwa jeki, kitovu chote cha gurudumu kinalala nje na mpira wa breki unabaki ukining'iniza uzito wote. Kwa magari hayo, fundi anayeahidi "kuitoa na kuweka ya kisasa" hajui anachokizungumzia, au anazungumzia seti zinazoondoa vali za ndani, zikaacha mkono ufanye kazi ya kiungo tu, halafu zikaongeza shokapu ya bomba kando yake.

Hapo ndipo mjadala mkubwa wa wapenzi wa magari haya unapolala: kukarabati ya asili au kubadili kwenda ya bomba? Wanaotaka bomba wana hoja nzuri. Oili yake ni nyingi, haichoki haraka kwenye mwendo mrefu, na ikifa unanunua nyingine. Lakini shokapu ya mkono hupeleka nguvu zake kwenye eneo pana la chasisi lililoandaliwa kwa bolti kadhaa. Ya bomba hupeleka nguvu hizohizo kwenye pini moja, na pini hiyo inahitaji bano ambalo kiwanda hakikuliweka. Bano likichomelewa mahali pa bati jembamba, umehamisha ubovu kutoka kwenye kifaa kinachobadilishika kwenda kwenye mwili wa gari, ambao haubadilishiki.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likifika angalau miaka 30, na katika Hati ya Torino linasisitiza kwamba mabadiliko yakilazimika yawe yanaweza kurudishwa nyuma na yaandikwe. Nakubaliana nalo, hata kwa asiyefikiria kupeleka gari lake mbele ya majaji. Seti ya bomba inayofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, upande wa nyuma, sina ugomvi nayo. Inayodai grainda na kuchomelea, naikataa.

Kukarabati za mkono kunawezekana kabisa, ila watu huzichukulia juujuu. Kosa lililozoeleka ni kuongeza oili na kufunga. Kama inavuja, kwa kawaida tundu la shafti kwenye mwili wa aluminiamu limelika, shafti inacheza, na hakuna sili itakayoshika shafti inayocheza. Hapo anahitajika fundi mwenye mashine ya kukereza atakayepanua tundu na kuingiza bushi mpya, kisha sili. Iwapo haivuji na imepungukiwa tu, safisha kwanza eneo la kizibo kwa brashi na mafuta ya taa, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye vali kazi imeharibika. Jaza oili ya shokapu, au oili ya foku za pikipiki yenye uzito wa 20 hivi. Oili ya injini haifai, na ya breki hairuhusiwi kabisa kwa sababu inashambulia sili za zamani. Kisha, shokapu ikiwa imesimama wima, sukuma mkono wake juu hadi mwisho na chini hadi mwisho, polepole. Mwanzoni utaukuta mahali fulani unateleza bila ukinzani, kama hakuna kitu ndani. Hiyo ni hewa. Endelea na kuongeza oili mpaka ukinzani uwe mmoja, mzito, toka juu hadi chini. Ukifika mwisho na bado kuna mahali pepesi, usiifunge kwenye gari.

Kwa wenye shokapu za bomba, uamuzi mkubwa ni kati ya za oili za kawaida zenye bomba mbili na zile za gesi. Za bomba mbili zina bomba la kazi ndani na akiba ya oili nje. Udhaifu wake ni povu: kwenye mtikisiko mrefu hewa inachanganyika na oili, na kwa muda shokapu inalainika. Za gesi yenye msukumo mkubwa, zilizotokana na kazi ya Mfaransa Bourcier de Carbon katika miaka ya 1950, huitenga naitrojeni nyuma ya pistoni ya pili, kwa hiyo oili haitoi povu kirahisi. Kwa gari la mashindano hizo ndizo zenyewe. Kwa gari la kale la matembezi kuna hesabu watu hawaifanyi. Gesi hiyo ikiwa na msukumo wa bari 25, na fimbo ya pistoni ikiwa na kipenyo cha milimita 14, kila shokapu inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 39 hivi muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Nne ni zaidi ya kilo 150. Gari linanyanyuka kuliko lilivyokusudiwa, na raba za kushikia ambazo hazikutengenezwa kubeba msukumo wa kudumu zinabanwa usiku na mchana. Kwa Peugeot 404 linalokwenda Bagamoyo Jumapili, bomba mbili za oili, au za gesi ya msukumo mdogo, ndilo chaguo langu.

Zipo pia zinazorekebishika. Zile nyekundu za kampuni ya Koni, kwa mfano, hurekebishwa kwa kuibana shokapu hadi mwisho na kuizungusha, na kinachobadilika ni ukinzani wa kuvutwa tu. Ni kifaa kizuri kwa mwenye subira, kwa sababu sili ikizidi kuzeeka na springi ikilegea unaweza kufuata hali ya gari.

Tahadhari kuhusu shokapu za zamani ambazo hazijawahi kufungwa, zile zinazopatikana bado kwenye boksi la kiwanda. Moyo unaruka ukiziona. Lakini sili iliyokaa rafuni miaka 40 imekauka, na nyingi huanza kulia oili baada ya safari chache. Zinunue ukijua utazifungua.

Na za gari jingine? Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road pale Nairobi utaambiwa ya Hiace inakaa, na mara nyingine kweli inakaa. Kukaa kwenye tundu si kufaa. Pima kwanza: gari likiwa limelalia raba za kugotea, kutoka kitovu cha bolti ya juu hadi ya chini, kisha ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho. Shokapu ikibanwa yote iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza, na ikivutwa yote iwe ndefu kuliko cha pili, kwa nafasi ya sentimita 2 hivi kila upande. Ikiwa ndefu mno itagota ndani kabla ya raba, na siku hiyo ama pistoni inavunjika au bano linang'oka. Ikiwa fupi mno, ndiyo itakayoshika ekseli inaponing'inia, kazi ambayo wakati mwingine haikupewa. Halafu kuna pembe. Shokapu iliyolala kwa nyuzi 45 inabaki na nusu tu ya uwezo wake pale gurudumuni. Kwa hiyo iliyotoka kwenye gari ambako ilisimama wima, ukiilaza kwenye lako, haitafanya kazi ileile hata kama namba zote za urefu zinalingana.

Wenye Land Rover wana mtego wao. Springi za zamani zenye vyuma vingi husuguana na kusaidia kutuliza. Wengi sasa hufunga springi za vyuma vichache vinavyogusana miishoni tu, na gari linakuwa laini ajabu. Lakini ule msuguano umeondoka, na shokapu zilizotosha jana leo zinaelemewa. Ukibadili springi za aina hiyo, shokapu za kukaza zaidi kidogo zinahitajika. Hapa ndipo pekee ninapokubali neno "ngumu", na sababu inapimika.

Tuje kwenye kufunga. Siku moja kabla, safisha thredi kwa brashi ya waya na ulowanishe nati kwa oili ya kulainisha kutu. Tumia muda huo kujua spana zako: magari ya Kiingereza ya enzi hizo yana bolti za inchi, ya Kifaransa na Kijerumani ya milimita, na spana inayokaribiana ndiyo inayoviringisha kichwa cha bolti cha miaka 60 ambacho hakina mbadala dukani. Funga magurudumu kwa magogo, inua gari, liweke kwenye stendi imara chini ya chasisi. Usilale chini ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kisha jeki iende chini ya ekseli, iiegemeze tu. Kwa magari mengi yenye ekseli nzima na springi za koili nyuma, shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukizitoa zote mbili bila kuiegemeza, springi inachomoka kwenye kiti chake na mpira wa breki unavutika. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Mbele ya magari kama 404 na 504, shokapu iko ndani ya mguu unaobeba springi ya koili. Springi hiyo iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kibano kiwe kizima, chenye kulabu zinazoshika sawa, na kama huna, mpe kazi hiyo mwenye nacho. Miguu mingi ya zamani hufunguka juu kwa nati kubwa, ukatoa vya ndani na kuingiza seti mpya iliyofungwa kiwandani. Ukifanya hivyo, mimina oili kidogo kuizunguka kabla ya kufunga, ipeleke joto nje.

Kabla ya kupanda garini, shokapu mpya ya bomba mbili isimamishwe wima kama itakavyokaa, ibanwe na kuvutwa mara kadhaa polepole. Imelala kwenye boksi kwa miezi, na hewa imeingia bomba la kazi. Usiishike fimbo yake inayong'aa kwa koleo hata nati ya juu ikizunguka nayo. Mkwaruzo mmoja utaichana sili kila inapopita, na shokapu mpya itavuja kabla ya mwezi kwisha. Panga washa na raba kama zilivyotoka. Nati za raba za pini hukazwa mpaka raba ivimbe kidogo tu. Ikibanwa ikawa bapa kabisa, imeshakuwa kama chuma.

Bushi zenye bomba la chuma katikati zina sharti lao: zikazwe gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inashikwa ikiwa imejipinda, na gari likishushwa inabaki imesokotwa maisha yake yote. Gereji nyingi hukaza kila kitu juu, kwa sababu nafasi ya mkono ipo. Bushi hizo ndizo zinazorudi na kelele baada ya wiki chache, na lawama inaangukia shokapu.

Badilisha kwa jozi ya ekseli moja. Baada ya kilomita 500 hivi rudi chini na spana na tochi, angalia nati, spliti pini, na alama ya oili kuzunguka sili. Ukungu mwepesi wa oili juu ya fimbo ni kawaida. Vumbi lililogandamana na kuwa tope jeusi si kawaida. Kama ni zinazorekebishika, anza na kiwango laini kabisa na uende barabara ileile, kwa mwendo uleule, na watu walewale ndani. Ongeza nusu mzunguko, urudi tena. Gari likiruka tuta, likashuka, likapanda mara moja tu na kutulia, umefika. Ukiongeza zaidi ya hapo utaanza kuisikia barabara kwenye usukani na kwenye sakafu, nawe urudi nyuma nusu mzunguko. Andika kiwango hicho kwenye daftari la gari pamoja na urefu uliopima na aina ya oili, na zile za zamani ulizozitoa zifunge kwenye gunia, uziandike upande zilikotoka, uzihifadhi.